Bei ya Ukuta

Dalali hakulitaja gereza. Alisema "jengo la kale,"
alisema "mawe ya zamani hayo," akageukia jikoni,
akatuonyesha droo zinazojifunga zenyewe polepole
kana kwamba hizo ndizo tulizopandia kilima.

Mbwana alipiga hesabu kwenye simu:
pauni elfu ishirini na mbili pungufu
ya nyumba kama hii, matofali mekundu yaleyale,
mitaa miwili tu kuteremka.
"Rahisi ghali," nikamwambia.
"Na hii ghali tunayolipa sasa," akasema,
"inamjengea nani?"

Alikuwa na haki. Miaka tisa Leeds,
miaka tisa tunafuta ukungu wa ukutani kwa siki,
na kila Aprili barua: kodi imepanda, samahani.
Raya alikuwa juu, ameshachagua chumba kidogo.
"Wale wa kule," aliuliza, "wanatuona?"
Dalali akacheka. Hakuna aliyemjibu mtoto.

Kwetu husemwa jirani kwanza, nyumba baadaye.
Basi nikawahesabu:
kushoto Bi Doreen, mjane, na mbwa wake kiziwi;
kulia wanafunzi watatu, baiskeli tano;
mbele, nyuma ya ukuta uliopigwa masizi,
wanaume mamia kwa mamia,
ambao hata mmoja hatakuja kuniomba chumvi.

"Miaka arobaini na mmoja niko hapa," alisema Bi Doreen,
mlango wake nusu wazi, mvuke wa kabichi nyuma yake.
"Anayetoroka hasimami kunywa chai, mwanangu.
Waogope walio huru. Jumamosi, siku ya kutembelea,
wanaziba njia kwa magari, wanalia humo ndani,
kisha wananitupia vikombe vya karatasi kwenye mawaridi."

Nilirudi peke yangu Alhamisi, usiku wa saa tatu,
koti juu ya sare ya kazi.
Nilitaka kuusikia mtaa bila dalali.
Sauti zilikuwa zinapita dirisha hadi dirisha:
mpira, matusi, kicheko, mtu anaomba sigara,
mtu anaita jina moja la kike, anaita, anaita.
Chini ya taa alisimama msichana,
kichanga ndani ya jaketi, kichwa tu kimechomoza.
Akainua simu. Tochi ikawaka, ikazimika. Mara tatu.
Kule juu, safu ya nne, mwanga mmoja
ukazimika, ukawaka, ukazimika.
Akampangusa mtoto pua
akaenda zake kituo cha basi.

Nilichelewa zamu usiku ule.

Mwaka ambao kaka Shekue alifungwa,
mama aliuza cherehani
akapanga chumba jirani na lango la gereza.
Bati lilivuja, choo kilikuwa cha watu kumi na wanne,
na mwenye nyumba, alipojua sababu, akaongeza kodi.
Mama hakubishana. Alfajiri kengele yao ilipolia
alikaa kitandani, akasema, "Kaamka."
Jioni ilipolia tena: "Kalala."
Miaka minne. Hizo ndizo zilikuwa sala zake za ziada.

Mama alilipa zaidi kwa ukaribu.
Mimi ukaribu huohuo napunguziwa bei.

Leo asubuhi dalali amepiga: kuna mwingine anaitaka,
nijibu kabla ya saa sita.
Nikamuuliza kama dirisha la chumba kidogo hufunguka.
"Lile linalotazama…?"
"Hilohilo."
Akapekua makaratasi. Rangi imeligandisha, akasema,
lakini kisu chembamba kitafaa, na subira.

Mbwana ananitazama juu ya ukingo wa kikombe,
kalamu mkononi, anasubiri nitaje kiasi.
Tangu anioe anajua nina kaka aliyewahi kufanya kazi Oman.
Nimeivuta simu kando, nimekaa.
Kabla ya bei, mume wangu,
kulikuwa na cherehani.